Korija Nne na Kumi na Saba

Baba yangu alikuwa akikata boriti za mikoko kule Ruvuma inapoingia baharini, siku hizo bado inaruhusiwa. Wanunuzi wake wote nawakumbuka kwa majina, na majina ya wake zao, ila humu siyaandiki. Hakuna aliyenunua boriti moja moja. Waliuziana kwa korija, yaani ishirini ishirini. Shule niliishia darasa la pili, lakini korija nilizijua kabla ya shule.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike aliitwa kufanya mtihani wa kazi kwa wakala mmoja wa forodha, hapa bandarini Mtwara. Wanapeleka saruji Ngazija, kule Komoro, na wateja wa huko wakipiga simu hutaja idadi ya mifuko kwa Kifaransa. Binti alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi. Kifaransa alikisoma sekondari, salamu hazimshindi. Hesabu ndizo zilizomtoa machozi.

Siku moja kabla ya mtihani nilimkuta barazani, simu inamsomea namba, yeye anaandika. Ikasoma tisini na saba kwa Kifaransa. Akaandika nne, kisha ishirini, kisha kumi na saba, zote zimefuatana.

"Hiyo ni ngapi?" nikamuuliza.

"Arobaini na mbili elfu na kumi na saba, Bibi." Akatupa kalamu.

"Mifuko yote hiyo! Meli si itazama hapo hapo gatini?"

Hakucheka. "Wenyewe ndivyo wanavyosema. Themanini hawana, wanasema ishirini mara nne. Sabini nayo hawana, ni sitini na kumi. Watu gani hawa?"

"Si korija hizo? Korija nne na kumi na saba."

"Korija ndiyo nini?"

Niliona haya. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia. Kwenye mkeka nilikuwa nimeanika korosho, nikamwambia azitenge mafungu ya ishirini.

"Haya, nitajie sabini na tano ya kwao."

Akaitaja, huku mkono unavuta mafungu matatu, na pembeni korosho kumi na tano. Themanini, mafungu manne. Tukaingia kwenye mamia, tukaingia kwenye maelfu, korosho zikatuishia, tukabaki kuhesabu kwa midomo.

"Bibi, Wafaransa waliwahi kufika kwa baba yako?"

"Labda walifuata boriti, wakaondoka na hesabu zetu."

Hapo ndipo alipocheka.

Kesho yake alirudi adhuhuri, viatu mkononi. Mteja wa Ngazija alimsomea namba kumi kwa simu, bosi anasikiliza. Elfu nne mia mbili tisini na sita aliipata. Moja ilimponyoka, akaomba irudiwe, akaiandika sawa.

"Wamesema nianze Jumatatu, Bibi. Mwezi mmoja wa majaribio."

Jumatatu aliondoka hata chai hakugusa. Baadaye kidogo akanipigia. Nilisikia malori yakinguruma nyuma yake.

"Bibi, geti bado halijafunguliwa. Nimesimama hapa na madereva."

"Simama hapo hapo," nikamwambia.