Buibui la Mavyaa Baharini

Wenzangu mlio huku Minnesota, najua kisa hiki mmeshakisikia, na mmekisikia kibaya kuliko kilivyokuwa, kwa hivyo acheni nikisimulie mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mkono wangu. Ni kweli, meli kubwa iligeuzwa baharini kwa sababu yangu. Mengine nitayasema yakifika.

Mavyaa wangu, Bi Rukia, mamake mume wangu Hamadi, alikuja kutoka Likoni kukaa nasi Columbia Heights, akaangukia majira ya baridi. Kazi yake ikawa kukaa dirishani na shali mbili akitazama theluji kwenye parkingi. Hamadi akaingiwa na huruma. Yeye ni dereva wa lori na off hakupata, akaniambia, "Mwanaisha, mpeleke Mama akaone jua." Akatulipia safari ya meli ya kitalii, tukapanda ndege mpaka Florida, mimi na mavyaa, watu ambao miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tunaamkiana kwa heshima na kuulizana chumvi, basi.

Meli ile, wacheni. Si chombo, ni mtaa uliosimamishwa juu ya maji. Kuna maduka, mabwawa ya kuogelea, lifti za vioo, watu wanakula asubuhi mpaka wanalala, na ujia wa vyumba ni mrefu hata mwisho wake huuoni, milango yote sare, zulia lote sare. Unaweza kutembea nusu ya siku usione tone la bahari. Mavyaa alisimama katikati ya maduka akaniuliza, "Sasa bahari yenyewe wameiweka wapi?" Mpaka usimame kimya ndipo unahisi sakafu ikikuinua kidogo na kukushusha, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Chumba chetu kilikuwa na balkoni ndogo. Siku ya pili, wakati wa kunywa chai, nilimmwagia mavyaa maziwa kwenye buibui lake. Alilivua akanikabidhi (ni afadhali angenigombeza). Nikalifua haraka kwenye sinki, na kwa kuwa bafu lile lilikuwa dogo kama kabati, nikalianika nje kwenye reli ya balkoni. Kibao cha kukataza kilikuwepo, nilikiona. Nikasema, jua lote hili, saa moja tu litakuwa limekauka. Mavyaa akavaa dera, mtandio na viatu vyake vya kutokea, akaniambia, "Natoka kidogo ninyooshe miguu," nami nikaingia kuoga.

Nikiwa na povu kichwani, king'ora kikalia. Halafu sauti ya nahodha, nzito, haina mzaha: kuna abiria ameona mtu akianguka baharini kutoka vyumba vya upande wa kulia, wote tuende kwenye vituo vyetu tukahesabiwe. Mtu mwenye nguo nyeusi, alisema.

Nilitoka mbio. Chumbani hamna mtu. Balkoni hamna mtu, ila ndara zake zimepangwa pale chini ya reli. Na buibui halipo. Wallahi haikunijia hata kidogo kwamba lilipeperuka. Nilichofikiri ni kwamba amerudi, amelivaa bichi vilevile, amesimama pale. Meli nayo ikaanza kugeuka, nikaona jua likihama ukutani kutoka upande huu hadi upande ule.

Hapo ndipo nilipochukua simu nikamwandikia Hamadi maneno mawili: *Mama hayupo.* Nikaiacha kitandani, nikakimbia.

Kituoni kwetu watu walipanga mistari, wafanyakazi wakipitisha kadi zetu kwenye mashine. Kadi ya mavyaa haikupita. Nikamwambia ofisa mmoja mwanamke, kwa Kiingereza kilichovunjika kwa kilio, kwamba aliyeanguka ni mama mkwe wangu, ana buibui jeusi, ndara zake ziko pale. Akanishika bega. Mama mmoja wa Kizungu nisiyemjua alinivisha sweta lake, maana nilikuwa nimetoka na leso tu na nywele zenye povu. Chini, boti ya uokoaji ilikuwa inazunguka majini, ndogo mno. Nikaanza kumsomea Yasini.

Sijui tulikaa muda gani. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia kijana wa meli amemshika mkono mavyaa wangu, dera lake kavu, kipande cha nanasi kwenye leso ya karatasi. Aliona watu wanakwenda, naye akawafuata, wakamfikisha kwenye kituo kingine mwisho wa meli, na kadi yake hakuwa nayo, ilibaki kwenye mfuko wa buibui. Kule walikuwa na mtu mmoja zaidi, huku tuna mmoja pungufu, mpaka wakaelewana.

Akanitazama nilivyo. "Mwanaisha, mbona walia? Nani amekufa?"

Nilimwangukia shingoni mbele ya watu wote. Na tukiwa bado tumekumbatiana, ofisa yule akaletewa mfuko wa plastiki wenye maji, akachomoa buibui, likaning'iniza mikono yake miwili. Akauliza kwa upole, "Hili ni lenu?"

Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Yaani yote haya ni kwa sababu ya nguo za kufua?" Kisiwa tulichokuwa tufike jioni hiyo kilifutwa kwenye safari. Tangu hapo kila tulipoingia kula, meza za jirani zilipunguza sauti.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba waliniweka ofisini wakinihoji, na nilipoirudia simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe na simu zisizopokelewa. Nilimaanisha simwoni, basi. Lakini mtoto akiandikiwa hivyo, na mamake yuko juu ya maji, atasoma nini? Nilipompigia, Hamadi hakunisalimu. Alisema, "Mwili umepatikana?"

Nikampa mavyaa simu. "Hamadi, baba, ni mimi." Kisha akamsikiliza mwanawe analia, na chozi lake likamshuka pia. Likoni walikuwa wameshatandika mikeka. Kwetu Columbia Heights wanawake walikuwa jikoni kwangu wanapika chakula cha msiba.

Alipomaliza, alinirudishia simu, akanivuta nikae karibu naye. "Wewe hukukusudia," akasema. "Na mimi sikujua kama ungenililia hivyo."

Alisharudi kwao, na sasa huzungumza na mimi kwanza kabla ya mwanawe. Nami nimeapa: sianiki kitu penye upepo, na siandiki habari ya mtu kwa mkato, mtu akienda dukani naandika ameenda dukani. Ila Hamadi bado hajapona. Nikimpigia akiwa barabarani hasemi halo, anasikiliza kwanza pumzi yangu ikoje. Basi nami siku hizi hata salamu sitangulizi. Nasema, "Sote wazima," nangoja nisikie akivuta pumzi, ndipo tunaanza kuamkiana.