Jina la Mdogo Wangu

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa kanisa letu hapa Durban, katika ukumbi wa kupanga kule Greyville. Lilikuwa tawi la kanisa lile lile lililonibatiza utotoni, kwetu Uvira. Mimi ndiye niliyesoma mbele ya watu majina ya waliotengwa. Nilisoma kwa sauti kavu, nikaketi. Sikuwahi kuwaza wanarudije nyumbani.

Jumapili moja mzee wa kanisa alinipa karatasi yenye jina la mdogo wangu. Alikuwa msusi wa nywele pale soko la Warwick, na alikuwa amehamia South Beach kuishi na mwanamume mmoja Mtanzania, Mwislamu, muuza simu, bila ndoa. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu. Ningeweza kukataa. Nilisoma. Alichukua mkoba wake akatoka, wala hakunitazama.

Mtu aliyetengwa hatukumsalimu, hatukula naye. Nilitii miezi minane. Nikipita Warwick nilivuka barabara nisikutane na macho yake.

Kisha yule Mtanzania akanipigia simu. "Shemeji, mwenzetu amefariki asubuhi hii. Ni kifua kikuu."

Sikujua hata kama alikuwa anaumwa.

Nilimwendea mzee wa kanisa, nikapiga magoti. "Hatuwezi kumzika, mama," akasema. "Amekufa bila kutubu. Na wewe usiende." Mama yetu, kwa simu kutoka Uvira, alilia sana, kisha akaniambia niwatii wazee.

Nilikwenda. Makaburini tulikuwa sita: mimi, Mtanzania na wasusi wanne. Jeneza liliposhushwa, Mtanzania aliniuliza taratibu, "Shemeji, nani atamwombea kwa dini yake?"

Hapakuwa na mwingine. Nikafungua mdomo, na sala zote nilizofundishwa zikanikimbia. Nikasema tu, "Mungu, huyu ni mdogo wangu. Mimi nilimwacha peke yake. Wewe usimwache."

Sikurudi tena Greyville. Nilisikia kwamba nami nimetengwa.

Watu wanadhani nimemwacha Mungu. Hapana. Nasali katika kanisa dogo la Wazulu karibu na ninapokaa. Nusu ya maneno ya Kizulu yananipita. Kuna siku sala inatoka, kuna siku nabaki kwenye benchi na hasira yangu mpaka watu wote watoke.

Mama hapokei simu zangu. Kila Jumapili namtumia ujumbe wa sauti, namweleza nimeomba nini. Naona kwenye simu kwamba anausikiliza. Hajajibu hata mmoja.