Blauzi ya Mbeba Mizigo

Serikali ya Zaïre, iliyopiga marufuku majina ya Kizungu, ilimtaka aitwe Nabintu, majirani wa mtaa wa Kadutu wakaendelea kumwita Apolline, na yeye aliitika kote kote. Alikuwa mshonaji asiye na wateja. Mumewe alipofariki alimwachia cherehani, na ukoo wa mume ukampa muda hadi Krismasi: akishindwa kujilisha Bukavu, shemeji yake Anaclet angekuja kumrudisha kijijini Walungu, yeye na cherehani. Kule cherehani ingeishia kwa mke wa Anaclet. Hilo hakuna aliyelisema, lakini Apolline hakuwa mtoto.

Wanasema kizuri chajiuza. Mishono ya Apolline ilikuwa mizuri, na bado haikujiuza.

Mwezi wa Novemba akaja Colombe, mama aliyebeba magunia ya mihogo bandarini, yale ya boti za kisiwa cha Idjwi. Blauzi mpya aliyoshonewa na Apolline ilikuwa imechanika kwapani. Apolline akajitetea kwamba vipimo vilikuwa sahihi na uzi imara. Colombe alimsikiliza mpaka akamaliza.

“Maman, ulinipima sawa vile mutu anasimama mu misa, mikono chini,” akasema. “Miye nabebaka muzigo.”

Apolline aliona haya hasa. Yeye mwenyewe, kama kila binti wa kabila la Kishi, alikua akibeba kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mikono juu ikiishika kamba. Mjini akasahau yote hayo, akawapima wanawake kana kwamba maisha yao ni kupiga picha.

Akamwambia Colombe aivae kamba yake ya mzigo, ainame, aishike kama yuko njiani. Akampima upya hivyo hivyo. Chini ya kila kwapa akatia kikwapa, kipande cha kupanulia nguo, maua ya kitambaa yakiungana hata usijue pameongezwa kitu. Nyuma akaongeza urefu ili kiuno kisibaki wazi mtu akiinama, na mgongoni, gunia linaposugua, akaweka kwa ndani pamba laini. Colombe hakuwa ameomba hata kimoja.

Alipoivaa aliinua mikono, akaishusha, akaiinua tena. Machozi yakamlengalenga.

“Nguo zote za mbele ya hii zilishonewa mwanamuke mwingine,” akasema. “Hii iko yangu.”

Jumapili Colombe alicheza kwenye matoleo mikono juu, na blauzi ikatulia mahali pake. Wanawake wana macho, hata kanisani. Misa ilipokwisha walimgusa mgongo, wakamgusa kwapa, wakauliza fundi ni nani.

Siku chache kabla ya Krismasi Anaclet aliwasili na kamba nene ya kufungia cherehani. Barazani hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walikuwa wamevaa vizuri kwa ajili ya kupimwa, na hakuna aliyekumbuka kuja na kamba ya mzigo. Apolline, sindano mdomoni, akamwomba shemeji yake amwazime ile yake kidogo.

Kamba ikapita kutoka paji hadi paji. Anaclet alikaa ngazini akingoja wamalize ili afunge mzigo wake, na kila alipoondoka mmoja, wengine wakaingia. Jua likashuka. Gari la Walungu likaanza kupiga honi.

“Basi, shemeji, ubaki,” akasema mwishowe, akanyoosha mkono apewe kamba yake.

Mama mmoja mnene alikuwa ameinama nayo, mikono juu, akipimwa mgongo. Akamwomba baba huyo angoje kidogo. Gari halikungoja, na Anaclet akalikimbilia mikono mitupu.