Mzee Masanja amepuliza utafiti wangu

Jamani, miaka mitatu ya kazi yangu imepeperushwa asubuhi hii kwa pumzi moja.

Niko Shinyanga mjini, kwenye mkutano wetu wa kila mwaka wa watafiti wa vifaa vidogo vya kupimia. Changu ni kidogo kuliko punje ya ufuta. Kazi yake ni kugundua hewa mbaya ndani ya mashimo ya dhahabu kabla haijaua mtu.

Nikamwalika Mzee Masanja, mchimbaji wa Nyarugusu, aje akione.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kiko wapi?"

Nikampa kisahani chenye kifaa. Akakiinamisha kwenye mwanga, akakitikisa kidogo, halafu akapuliza fuuu! Ndivyo anavyoondoa vumbi kwenye dhahabu kila siku.

Kifaa kikapaa.

Maprofesa wawili wakaingia nami chini ya meza, na suti zao. Hatukukiona. Mimi machozi tayari.

Mzee akalowesha kidole, akapapasa sakafu taratibu, akakinasa karibu na mguu wa kiti. Nikataka kumkumbatia.

Yeye hakucheka. Akauliza tu: "Mwanangu, kule shimoni hewa tunaisukuma kwa mashine, na inavuma kuliko mimi. Hiki kitakaa?"

Nikafungua kompyuta, nikapitia slaidi moja moja.

Zamu yangu jukwaani ni baada ya chai. Slaidi zangu zote hazina neno "upepo".

Nianze na slaidi, au nimpe Mzee kipaza sauti?

Jibuni haraka, vikombe vinarudishwa.