Uti wa Ngisi

Mama yangu ni mjane wa polisi, na Kiswahili chake ni cha kambini: hakina salamu ndefu wala chembe ya aibu. Aibu zote aliniachia mimi.

Mwaka jana dada yangu alichumbiwa na kijana wa Mombasa, na mama wa kijana akaja Kampala kutuona. Mama yangu akaapa kwamba mgeni wa baharini atakula kitu cha baharini. Tukaenda Bukoto, kwa mama mmoja Mkenya anayeuza samaki wa Pwani waliogandishwa, tukanunua ngisi. Sisi tumekua tukila ngege wa ziwani. Ngisi tulikuwa tunamwona kwenye simu tu.

Nyumbani, kila ngisi tuliyempasua alikuwa na kijiti chembamba ndani, king'avu kama kipande cha chupa ya plastiki ya maji. Mama akakiinua dirishani, akakikunja, akanikokota kurudi dukani.

"Wewe nauzia watu plastiki?" akafoka mbele ya wateja.

"Mama, huo ni mfupa wake," akajibu mwenye duka.

"Mfupa gani naona mpaka upande ingine?"

Mwanamke aliyekuwa akipimiwa kamba akawarudisha, akaondoka. Wengine wakamfuata. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni mgeni wetu alichungulia jikoni, akaviona vijiti vilivyobaki kwenye beseni, akatabasamu. "Mkwe, huu ndio uti wake. Ndio unaomnyoosha akiogelea."

Usiku huo Mama alikula kidogo sana.

Asubuhi akataka twende Bukoto.

"Yaliyopita si ndwele," nikamwambia. "Mpigie simu tu."

"Kwako si ndwele. Ile mama je? Mimi natukana yeye mbele ya watu."

Tulipofika, akangoja duka lijae. Nilijua atakachofanya, na sikuweza kusimama karibu naye tena. Nikabaki nje, nikijifanya nachagua nyanya kwenye kibanda cha jirani. Sauti yake ikanifikia pale pale: "Nyinyi wote sikieni! Hii mama hauzi plastiki. Ni mimi sijui samaki."

Watu wakacheka. Mwenye duka naye akacheka, akamshika mkono. "Yamekwisha, mama. Na binti yako wa jana yuko wapi?"

Mama akageuka. Macho yake yakanikuta mlangoni mwa kibanda, nyanya mkononi.

"Hayuko," akasema. "Mimi nakuja peke yangu."