Mkono Mwingine Kwenye Sweta ya Tarishi

Sweta ilirudi nyumbani Jumamosi mchana ikinuka sabuni ya mtu mwingine. Bi Pasi aliinusa kwapani, akainusa shingoni, akaigeuza akainusa ndani, kisha akaiweka mezani taratibu kama mtu anavyoweka samaki anayemtilia shaka. Sabuni yake yeye ilikuwa ya mche, ile kali inayochubua vidole, na hakuna nguo iliyowahi kupita mikononi mwake ikanukia maua. Hii ilinukia maua. Tena ilikuwa laini, ukiibonyeza inainuka yenyewe, na kwenye mfuko wa mumewe alikuwa ameikuta imekunjwa mkunjo asioujua, mikono imelazwa mgongoni kama ya mzee anayetembea shambani kwake.

Mumewe alikuwa bafuni akijimwagia maji na kuimba. Hakujua kwamba kesi imeshafunguliwa.

Jina la Bi Pasi hakupewa na wazazi. Alilipata kwenye chumba cha dobi cha hospitali, alikoingia akiwa msichana wa nywele za mabutu na kutoka akiwa bibi wa wajukuu. Alichemsha mashuka ya wagonjwa kwenye mapipa makubwa ya mvuke, akayatia wanga, akayapiga pasi mpaka yakaweza kusimama bila mtu. Siku moja matroni, mama mmoja mkali ambaye hata madaktari walimpisha ukumbini, alipitisha kidole kwenye mkunjo wa shuka lake akasema, "Hm." Basi. Hiyo "Hm" Bi Pasi anaikumbuka vizuri kuliko hotuba zote za harusi yake. Nyumbani alipiga pasi kila kilichokaa kimya: taulo, soksi, vitambaa vya kufutia vyombo. Watoto wake walikwenda shule na kaptula ambazo ungeweza kukatia mkate.

Mumewe alikuwa tarishi, akipeleka barua za ofisi kwa baiskeli jua na mvua. Kazi ilipokwisha, miguu ilikataa kustaafu. Akajiunga na kundi la wapanda baiskeli, wazee kwa vijana, wanaotoka kila Jumamosi asubuhi kwenda nje ya mji na kurudi. Wakirudi hukusanyika kibarazani kwa fundi baiskeli. Pale huvua zile fulana za kubana zilizolowa jasho, huvaa sweta kavu, hunywa chai na kudanganyana kuhusu urefu wa vilima. Baiskeli ni za njiani. Kwenye benchi mtu hupimwa kwa sweta yake: ina uzito gani, imekaaje mabegani, imezeeka vizuri au imechoka tu. Mwenye sweta mbovu hutaniwa mpaka chai ipoe.

Na za Tarishi zilikuwa zimeshapita mikononi mwa mkewe. Ya kwanza Bi Pasi aliichemsha kama shuka la wodini. Ikatoka mikono inakaribia viwiko na kitovu kiko nje, naye akamwambia mumewe amenenepa. Ya pili aliitia wanga, akaipiga pasi ya moto, akaitia mstari mikononi, mstari wa heshima hasa, na ile picha ya gurudumu iliyokuwa kifuani ikabaki nusu kwenye nguo na nusu kwenye pasi. Tarishi aliivaa hivyo hivyo. Hakusema neno. Na kwa Bi Pasi, mume asiyesema neno ni mume aliyeridhika.

Hii ya tatu, ya bluu, alikuwa hajaigusa hata mara moja. Kila alipoitaka, aliambiwa bado ni safi. Sasa alijua kwa nini.

Jioni ile akaja wifi yake, dada wa Tarishi, mwanamke ambaye akiingia nyumbani huona kwanza kile usichotaka kionekane.

"Wifi, mbona umeikodolea macho nguo kama imekutukana?"

"Inuse."

Wifi akainusa. "Mh! Inanukia vizuri."

"Ndicho hicho ninachosema."

"Ah, wifi nawe! Kaka yangu na magoti yale, nani atamtaka?"

"Magoti yapi? Si kila wiki anapanda vilima?"

"Basi kama anapanda vilima..." Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akashusha sauti. "Mimi simo, lakini pale kwa fundi baiskeli kuna mama anauza sweta. Mjane. Wanamwita Mama Sweta. Wanasema ana mkono laini sana na nguo za wanaume."

"Wanasema kina nani?"

"Nimeshakwambia mimi simo. Nimiminie chai, wifi."

Wiki nzima Bi Pasi hakumuuliza mumewe kitu. Alimwangalia. Alimwangalia akila, akasikia anavyotafuna kwa furaha, na hiyo furaha nayo akaiandikia kosa. Kumbe mtu anaweza kuishi na mwanamume tangu meno yote yakiwa kinywani, akamfulia mpaka ngozi ya vidole ikawa kama karatasi, halafu jasho lake likaenda kufuliwa na mwingine! Angekuwa ameficha hela, ni hela. Angekuwa amekula nje, ni tumbo. Lakini nguo? Nguo ndipo alipokuwa yeye.

Jumamosi akavaa gauni lake la kuendea mambo mazito na kujitokeza kwa fundi baiskeli kabla wapanda baiskeli hawajarudi. Kibaraza kilikuwa na benchi ndefu, birika kubwa juu ya jiko, na pembeni meza iliyojaa sweta za pamba nzito, zenye kofia na zisizo na kofia. Nyuma ya meza alisimama mwanamke wa makamo, mnene kidogo, kanga kiunoni. Na juu ya rafu nyuma yake, Bi Pasi aliiona sweta ya bluu ya mumewe, ile ile iliyotoka nyumbani alfajiri, imekunjwa mikono mgongoni.

"Karibu dada," alisema Mama Sweta. "Unatafutia nani?"

"Natazama tu."

Akatazama kweli. Kundi liliporudi, alimwona mumewe akishuka kwenye baiskeli, akijifuta uso, akienda moja kwa moja mezani bila kutazama benchi. Mama Sweta akaikung'uta sweta, akamwekea begani, akampiga kiganja mgongoni kuona jasho limekauka kiasi gani. "Bado, mzee wangu. Subiri upoe kidogo, usiifunike hiyo rutuba ya jasho."

Wote wakacheka. Tarishi alicheka kuliko wote.

"Mzee wako?" Bi Pasi akasimama. "Tangu lini?"

Benchi nzima ikageuka. Hata birika lilionekana kuacha kuchemka. Tarishi akageuka, uso umemwiva.

"Mama, umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Nieleze, mume wangu. Nguo zako zinafuliwa na nani?"

Tarishi akaangalia viatu vyake. Mama Sweta ndiye aliyejibu, kwa upole uliomkera Bi Pasi kuliko tusi. "Nafua mimi, dada. Na za hawa wengine pia nafua, wale wanaotaka. Ni kazi yangu. Mzee aliniletea sweta yenye mstari mikononi, akasema imeharibikia kwenye pasi. Alikuwa anachekwa."

"Akasema nani kaipiga?"

Kijana mmoja alikohoa ndani ya kikombe.

Hapo ndipo lilipomchoma. Kama mumewe angekuwa na mwanamke, Bi Pasi alikuwa ameandaa maneno, alikuwa ameyapanga wiki nzima. Kwa hili hakuwa na maneno. "Kwa hiyo umekaa hapa, mbele za watu, ukamwambia huyu kwamba mimi sijui kufua?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisemaje?"

"Nilisema... Ningekwambiaje wewe? Wewe ndiye Bi Pasi."

Bi Pasi akavuta pumzi mpaka vifungo vya gauni vikalalamika. "Sawa. Leo sweta yako nachagua mimi."

Akaiendea meza, akapekua kama anayetafuta kunguni. Akachomoa moja nyeupe, nyembamba, ya kitambaa cha kuteleza, yenye kola iliyosimama. Nguo yenye adabu, nguo inayoijua pasi. Mama Sweta alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Ni nzuri, dada, ila hainywi jasho."

"Sijakuuliza inakunywa nini."

Tarishi aliivaa. Akakaa benchini, akapewa chai. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa mawingu ya mvua isiyofika, na ile sweta nyeupe ikamganda mgongoni, uti wa mgongo ukahesabika. Maji ya jasho yakatelemka ndani bila pa kwenda. Kikombe kikaanza kugonga kisahani. Alikishika kwa mikono miwili, akamtazama mkewe, akatabasamu.

Hakusema neno.

Bi Pasi aliuona ukimya ule na kuutambua. Ndio ule ule wa sweta iliyofika kwenye viwiko. Ndio ule wa picha iliyobaki kwenye pasi. Akarudisha fikra nyuma, kwenye mashati yaliyokwaruza shingo, suruali zilizosimama, leso zilizomchuna pua, miaka na miaka ya kutosema neno, na akapata baridi yeye.

Akainuka. Akafika mezani, akapita pale Mama Sweta aliposimama bila kumtazama, akajaribu mwenyewe: akapitisha mkono ndani kutafuta manyoya laini, akavuta mpira wa mikononi kuona kama unarudi, akapima mgongo kama utafunika kiuno mtu akikaa. Akachukua moja ya kijivu, nzito, pana kidogo. Mama Sweta alitikisa kichwa kukubali, na Bi Pasi akajifanya hajaona.

"Inua mikono," alimwambia mumewe.

"Mama, watu..."

"Inua!"

Akamvua ile nyeupe, akamkausha mgongo kwa upande wa kanga aliyojitanda, akamvika ile ya kijivu, akaivuta chini mpaka makalioni. Kikombe kikatulia. Kisha akageuka.

"Wewe. Hii unaifuaje? Sikuulizi kwa kutojua. Nataka nione kama unajua."

Mama Sweta hakucheka, na hilo Bi Pasi alimwekea akiba. "Maji baridi, dada. Naigeuza ndani nje. Siisokoti, naibonyeza kwenye taulo. Naianika kivulini, imelala, nikiitundika inarefuka shingo."

"Na pasi?"

"Pasi haigusi."

"Hata mikononi?"

"Hata mikononi."

"Hata kidogo tu, kuinyoosha?"

"Dada."

Bi Pasi aliifua mwenyewe Jumatatu. Mikono yake ilizunguka ndani ya beseni ikitafuta cha kusokota, na mara mbili aliitoa pasi kabatini akairudisha. Wifi alipoikuta sweta imelala juu ya taulo kivulini kama mgonjwa, akauliza, "Wifi, imekufa?" akaambiwa anywe chai yake.

Lakini msidhani wivu uliisha. Tangu siku ile, kila Jumamosi Bi Pasi hutangulia kwa fundi baiskeli na kukaa mwisho wa benchi, sweta ya kijivu mapajani, mikono miwili juu yake, mpaka mumewe arudi. Mama Sweta humletea chai, naye huinywa. Wameshaongea habari za hospitali, za watoto, hata za marehemu mume wa Mama Sweta, ambaye inaonekana alikuwa mtu mwema. Ila siku mama yule alipomwambia, "Dada, nipe nikuwekee rafuni, upumzishe mikono," Bi Pasi aliivuta sweta karibu zaidi na tumbo lake.

"Sijachoka," alisema.