Gari la Aliyekwenda Likizo

Ukifika Granville Jumamosi alasiri, pita nyuma ya reli, kwenye ile mitaa ya magereji inayofunga saa za mchana, utamkuta Baba Gakii. Amekaa kiti cha abiria ndani ya Corolla kuukuu iliyobabuka rangi ya paa, na kwenye usukani kuna mwanafunzi anatokwa jasho. Leo ni mama wa Kikongo, wiki ijayo kijana wa Kirundi, mradi awe mgeni asiye na ndugu wa kumfundisha kuendesha. Baba Gakii hatozi hata senti. Ukimpa hela ya petroli ananuna, na ukimshukuru sana anageuka kuangalia dirishani.

Jina lake hasa ni Maxwell Gitonga, mtu wa Meru, lakini hapa Sydney nani anamwita hivyo? Tangu binti yake azaliwe amekuwa Baba Gakii kanisani, Baba Gakii harusini, Baba Gakii kwenye simu za watu. Baba wengine huchukua muda kulizoea jina la mtoto. Huyu alilidaka siku ya kwanza, na lile la Maxwell akaliacha kwenye karatasi za serikali. Wiki nzima anapanga shifti za wauguzi katika ofisi moja kule Parramatta, na wikendi ni hiyo Corolla yake.

Na watu wanavyomsifu! Wenzake wa rika lake wanashindana kwa Prado na Mercedes za mkopo, yeye hataki kusikia neno mkopo. "Baba Gakii hana makuu," wanasema. Mkewe Nkatha, muuguzi, mwanamke asiyemung'unya maneno, anasema hayo si unyenyekevu, ni ubahili tu. Jumapili moja mchungaji alimtoa kama mfano mimbarini, mtu anayejitolea kwa wageni bila kuomba malipo. Kanisa zima likampigia makofi. Siku hiyo Baba Gakii alirudi nyumbani, chapati zikawekwa mezani, akashindwa kula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu alikuwa akikilalia chake kila siku.

Ngoja nimuanike hapa hapa, maana ukisubiri aseme mwenyewe utazeeka.

Kabla ya Sydney alikuwa Dubai, akiuza nyumba ambazo zilikuwa bado michoro. Pesa zikaja, na nyuma ya pesa zikaja benki, zikimbembeleza akope. Akakopa. Akanunua Lexus nyeupe ya viti vya ngozi, gari la kupiga nalo picha na kuzituma Meru ili majirani wakose usingizi. Kisha biashara ikayumba, kampuni ikapunguza watu, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuonyeshwa mlango. Enzi hizo, mgeni ukishindwa kulipa benki kule, hawakukuandikia barua za kukubembeleza. Ulilala ndani. Ndiyo maana kwenye pakingi ya uwanja wa ndege kulikuwa na magari ya fahari yaliyotupwa, vumbi la jangwa limeyafunika hata rangi huzioni, ufunguo umo ndani, na wenyewe washaruka kwao.

Angelitupa lake pale kama wenzake, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Maxwell alijiona mjanja. Alipiga hesabu hivi: gari likikutwa uwanjani, benki itajua nimetoroka, na huenda wakaniwahi. Gari likiendelea kuzunguka mjini, watadhani nipo. Basi gari lilihitaji dereva.

Dereva alikuwepo. Anicet, Mrundi, alikuwa shofa wa kampuni aliyewatembeza wateja. Alikuwa mtu mpole, anayeitikia kabla hujamaliza kuomba, na kila Ijumaa walisali pamoja, kwa sababu huko Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko. Baada ya ibada Maxwell alimvuta pembeni. "Anicet, ndugu yangu, naenda likizo nyumbani. Kaa na gari, utumie mpaka nirudi. Lakini usiende nalo mbali. Usitoke nje ya mji." Hayo ya mwisho aliyatia ili asikike kama mwenye mali ambaye atarudi kuikagua.

Anicet alipokea ufunguo kwa mikono miwili, kisha akasema waombe kwanza. Maxwell ndiye aliyeomba. Alifumba macho akamwombea Anicet ulinzi barabarani, na tiketi ya kwenda bila kurudi ilikuwa mfukoni mwake. Alipotua Nairobi akatupa laini ya simu. Miezi baadaye alisikia kwa mtu wa tatu kwamba Anicet alikamatwa na lile gari, naye hakuuliza zaidi. Alijiambia kwamba si watamwachia, si wataona hana kosa. Nkatha akapata kazi Sydney, wakahama, mtoto akazaliwa, na mzee mzima akaanza kufundisha wageni kuendesha magari bure. Kama hilo linafuta kitu, anayejua atuambie.

Sasa mwaka huu akaletewa Ikirezi. Msichana wa Kirundi, mkubwa tayari, amekulia kambini Kigoma, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Merrylands. Alitaka leseni ili apewe shifti za kuwazungukia wazee majumbani, ambazo zina malipo mazuri zaidi. Alikuwa mwanafunzi msikivu ila mwoga. Akiona gari la polisi mbele, hata liwe limeegeshwa, alikanyaga breki. Tena alibana matumizi kupita kiasi: chakula alibeba kutoka nyumbani, na ukimkaribisha chai ya kununua anasema ameshiba. Baba Gakii alimtania kwamba anajenga ghorofa Bujumbura.

Jumamosi moja Ikirezi aliegesha vizuri mbele ya gereji ya kunyoosha bodi, sambamba na ukingo, bila kugusa. Akafurahi. Na katika furaha hiyo ndipo aliposema, "Baba Gakii, nyinyi Wakenya mnajuana. Kuna mmoja tunamtafuta siku nyingi. Alikuwa Dubai, anaitwa Maxwell."

Baba Gakii aligeuka kuangalia dirishani. Akauliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, wanamtafutia nini.

"Kaka yangu Anicet alimpotezea gari," Ikirezi akasema. "Yule mtu alienda likizo, akamwachia kaka gari amchungie. Akamwambia usiende mbali. Sasa kukatokea msiba Sharjah, mji wa jirani, kaka akabeba watu ya kwaya akawapeleka. Polisi wakamsimamisha. Gari wakachukua, yeye wakamfunga. Wanamuuliza gari ni ya nani, anasema ya rafiki yangu, yuko likizo, atarudi. Mpaka wanamrudisha Burundi, bado anasema atarudi."

"Kwa hiyo anataka nini kwake?"

"Anataka amuombe msamaha. Anasema kama angemtii, mwenyewe angekuta gari yake. Usukani hajashika tena, analinda duka ya mtu. Kila mwezi anaweka kidogo, na mimi naweka kidogo, tumlipe huyo Maxwell siku tukimpata."

Lo! Mtu anaweza kufungwa kwa ajili yako, halafu akatoka akidhani yeye ndiye anayepaswa kukuomba msamaha. Baba Gakii alitazama vyuma vilivyopondeka nyuma ya uzio wa gereji. Alitaka kusema. Alichosema ni, "Wakenya ni wengi, dada. Washa gari twende."

Wiki ile ilikuwa wiki ya kujichukia. Ile chai ya kununua aliyokuwa akiikataa Ikirezi, kumbe ilikuwa ikiwekwa kando kwa ajili yake yeye! Kila alipokumbuka utani wake wa ghorofa alitamani ajipige kofi. Kazini alichanganya shifti, akampangia muuguzi mmoja hospitali mbili kwa wakati mmoja. Nkatha akamuuliza ana nini, akasema mgongo. Nkatha akampa dawa ya kuchua, naye akaipaka, mtu mwenye mgongo mzima kabisa. Alijiahidi kwamba Jumamosi atasema. Halafu akajishauri kwamba pengine ni heri amtumie Anicet pesa kimyakimya bila jina, mambo yaishe. Huyo ndiye Maxwell yule yule wa Dubai, bado anatafuta njia ya kupita pembeni.

Jumamosi Ikirezi alifika akitabasamu. Alifunga mkanda, akarekebisha kioo, akatia indiketa, na walipokwisha kuzunguka mtaa mmoja akasema, "Baba Gakii, usihangaike kuulizia. Tumempata."

"Nani?"

"Maxwell. Si yeye mwenyewe, ni mdogo wake. Kaka aliandika kwenye Facebook, akajibiwa na mtu wa Nairobi. Anasema Maxwell ni kaka yake wa damu, pesa tukimtumia atamfikishia. Lakini anataka yote mara moja. Basi kaka anauza shamba ya baba. Mnunuzi anakuja Jumatatu. Lazima na mimi nikubali, tumebaki wawili tu, na nimekubali."

Ndani ya gari lile, mtu mmoja tu alijua kwamba Maxwell Gitonga hana mdogo wa kiume. Mama yake alizaa wasichana na yeye. Angenyamaza siku hiyo, shamba la marehemu lingeliwa na tapeli, na mtu aliyekwisha kufungwa kwa sababu yake angebaki bila hata mahali pa kuzikwa. Hapo hapakuwa na pembeni pa kupitia.

"Simamisha gari," akasema.

Ikirezi alidhani amekosea. Akaegesha, akazima injini, akamtazama kwa wasiwasi.

"Huyo mtu wa Nairobi ni tapeli. Maxwell hana ndugu wa kiume."

"Umejuaje?"

"Maxwell ni mimi."

Ikirezi alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri utani uishe. Haukuisha. Baba Gakii akamwaga yote, harakaharaka, akiogopa akipumzika atakosa nguvu ya kuendelea: mkopo, kufutwa kazi, tiketi, zile hesabu zake za gari kuzunguka mjini. "Sikuwa likizo. Nilikuwa natoroka. Na si Sharjah iliyomponza. Gari ilikuwa inatafutwa na benki. Hata angeiegesha mlangoni kwake bila kuigusa, wangemfuata. Nilijua hivyo siku ninampa."

Mikono ya Ikirezi ilibaki juu ya usukani, na macho yake yalikuwa yamemganda usoni. Macho hayo yalimshinda Baba Gakii, akafanya kile alichozoea kufanya. "Chukua hii gari," akasema. "Imelipwa yote, karatasi ni safi, haidaiwi. Jumatatu naiandika jina lako. Na pesa mlizoweka, nitawapa mara mbili yake."

"Gari zenu za kupewa," Ikirezi akasema, "sisi tunazijua."

Kisha akatoa simu. Alasiri ya Granville, Bujumbura ni asubuhi, na Anicet alikuwa ndiyo kwanza ametoka lindoni. Ikirezi alifungua spika, akaiweka simu juu ya dashibodi, akasema kwa Kiswahili ili asikike na wote wawili: "Kaka, niko na mtu hapa. Ni Maxwell. Yeye mwenyewe."

Ikaja ile sauti ya upole, imekuwa nzito kidogo kwa umri. "Bwana Maxwell? Bwana Maxwell, unisamehe. Nilienda Sharjah. Uliniambia nisitoke, nikatoka. Gari yako ilikuwa safi, niliiosha asubuhi ile kabla hatujaondoka, hata mkwaruzo haikuwa nao. Nilikupigia sana. Nilijua utarudi utanifikiria mwizi."

Machozi yalimtoka Baba Gakii, mtu mzima, mchana kweupe, mbele ya msichana aliyekuwa akimwita mwalimu. "Anicet, nyamaza kidogo. Tafadhali. Usiniombe msamaha." Akarudia yale yote aliyomwambia Ikirezi, safari hii polepole, bila kujipunguzia chochote. Alisema kwamba hakuna gari la kulipwa wala ndugu wa Nairobi, na kwamba hata yale maneno ya usiende mbali yalikuwa uongo.

Anicet alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake jogoo aliwika, na mtu akapita akisalimia kwa Kirundi, naye hakumwitikia.

"Ile siku tuliomba," hatimaye akasema. "Ulipokuwa unaniombea, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia tu." Hakuwa na hasira, na Baba Gakii alitamani angekuwa nayo. "Mimi nilikuwa shofa. Ungeniambia unatoroka, ningekupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe, ningekubebea na mabegi. Gari tungeiacha pale na zingine, mimi ningerudi na basi."

Anicet akamwambia dada yake kwamba mnunuzi atamwambia asije, shamba haliuzwi, na akakata simu. Ikirezi alichomoa ufunguo, akamwekea Baba Gakii mapajani, akateremka, akaelekea stesheni kwa miguu.